Kufufua motokrosi ya zamani: ziba upepo kwanza, rangi baadaye

Maswali ni yaleyale kila mara. "Nimepata Yamaha DT175 imelala stoo miaka mingi, nianzie wapi?" "Mbona ikipata moto mlio unapanda wenyewe bila kugusa mafuta (kishikio cha mwendo)?" "Nimefunga pistoni mpya, imekwama kabla hata sijaifaidi. Fundi kaniibia?" Nayajibu yote hapa, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Mwongozo huu ni wa injini za mipigo miwili (2T) zinazopozwa kwa upepo, zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kundi hilo lina pikipiki za mashindano tupu, zisizo na taa wala saiti mira: Yamaha YZ, Honda CR za ukoo wa Elsinore zilizoanza 1973, Suzuki RM, na za Ulaya kama CZ, Husqvarna na Maico. Lina pia ndugu zao wa barabarani na porini, kama Yamaha DT na Suzuki TS. Kwetu utakutana zaidi na DT, kwa sababu misheni na miradi ya kilimo na afya ilizitumia sana vijijini. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, chukua DT. Vipuri vyake bado vinapatikana, na ukiijua hiyo, YZ au RM haitakutisha.

Nadharia ni hii tu, ila uishike. Kwenye 2T, chumba cha krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) nacho kinafanya kazi ya pampu: pistoni ikipanda kinavuta mchanganyiko wa hewa, petroli na oili, ikishuka kinausukuma juu. Upepo ukiingia kwa wizi kupitia sili iliyokauka au gasketi mbovu, mchanganyiko unakuwa mwepesi, oili inapungua, joto linapanda na pistoni inang'ang'ania silinda. Injini nyingi za zamani zinazosemwa "zimechoka" zimeuawa na upepo huo.

Tafuta vitu hivi kabla hujafungua nati hata moja

- Kitabu cha ufundi cha modeli yako kamili. Vipimo vya DT175 ya mwaka mmoja si lazima viwe vya mwaka mwingine. Soma herufi na namba zilizogongwa kwenye fremu na kwenye injini, utafute kitabu cha namba hizo.
- Spana za soketi, bisibisi ya kugonga kwa nyundo (skrubu za Kijapani za enzi zile huharibika vichwa ukitumia bisibisi ya kawaida), pula ya kung'olea magneti (gurudumu la sumaku la kuzalisha moto) ya modeli yako, fila geji (vibati vya kupimia mwanya) na kipimo cha vernia.
- Saa ya kupimia (geji ya mshale inayosoma sehemu ndogo za milimita) yenye kishikio cha kuingia kwenye tundu la plagi. Azima kama huwezi kununua.
- Spana ya kupima nguvu ya kukaza.
- Pampu ya baiskeli na geji inayosoma psi (kipimo cha shinikizo la upepo) ndogondogo. Geji ya tairi la gari haifai, kwa kuwa hatua ya 6 inahitaji kusoma psi 6 kwa uhakika.
- Seti nzima ya gasketi, sili mbili za krenki, pistoni na ringi zake, beringi ya pini ya pistoni, plagi mpya. Pistoni usiinunue kwanza. Subiri hatua ya 3.
- Fundi wa kukereza vyuma mwenye mashine ya kuribo silinda (kuikereza ndani ipanuke).
- Makopo na mifuko midogo ya kuwekea bolti, pamoja na kalamu ya alama.

Neno moja kuhusu mafundi. Wengi wanaotengeneza bodaboda leo wamekulia kwenye 4T (mipigo minne), na mazoea ya huko hayahamishiki yote huku. Ukiwa pwani au kando ya ziwa, mtafute fundi wa mashine za boti aliyezoea 2T. Yeye hatashangaa ukimwambia unapima upepo wa chumba cha krenki.

Hatua za kazi

1. Ikague kabla ya kulipa. Namba ya fremu ifanane na ya kwenye kadi. Chomoa plagi, piga kiki taratibu kwa mkono. Kama imekwama, mimina mafuta mepesi ya kulainisha kwenye tundu la plagi na uiache siku kadhaa. Usiilazimishe kwa kuisukuma ikiwa kwenye gia, utavunja ringi. Angalia fremu chini ya shingo ya usukani na pale mkono wa nyuma unaposhikia: ufa wa hapo ni kazi ya welda mwenye ujuzi, si ya rangi. Mapezi ya silinda yakivunjika, pikipiki bado inafaa. Krenkikesi (kasha la krenki) ikiwa na tundu, bei ishuke sana au uondoke.

2. Piga picha, kisha fungua. Picha nyaya zote, kebo zinavyopita, na washa zinavyopangana kwenye ekseli. Kila mfuko wa bolti uandike jina. Hapa wengi huharakisha kupeleka fremu kwa mpaka rangi ili waone sura mpya. Usifanye hivyo bado. Funga kwanza pikipiki nzima bila rangi, uone kila kitu kinakaa, ndipo uifungue tena. Rangi mpya iliyogongwa na spana inauma, na matundu uliyosahau kutoboa hayajali uzuri wake.

3. Soma pistoni. Toa kichwa, inua silinda, uishike pistoni kwenye mwanga. Mikwaruzo ya wima upande wa eksozi peke yake ni ishara ya joto, aghalabu kutokana na mchanganyiko mwepesi. Mikwaruzo pande nne, karibu kwa kulingana, mara nyingi ni injini iliyokimbizwa kabla haijapata moto. Rangi ya kahawia ikishuka chini ya ringi, gesi inapita na ringi zimekwisha. Upande wa kabureta ukiwa umekwanguliwa kijivu kama uliopigwa msasa, vumbi limeingia, na chujio la hewa ndilo la kulaumiwa. Andika ulichokiona. Ukifunga pistoni mpya bila kuondoa sababu iliyoua ya zamani, unanunua matatizo yaleyale.

Silinda ipimwe juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Ikiwa imepanuka kupita kitabu au ina mikwaruzo inayokwama kwenye ukucha, iribowe. Pistoni za Yamaha za kundi hili zimezoeleka kwa ngazi za 0.25 mm: 0.25, 0.50, 0.75, 1.00. Nunua pistoni kwanza, halafu mpelekee fundi pistoni na silinda pamoja, aribo kwa kuifuata pistoni hiyo. Nafasi kati ya pistoni na silinda isomwe kwenye kitabu. Fundi aliyezoea magari huenda akaacha nafasi "ya kutosha tu", nawe utapata injini inayopiga kelele au inayokwama.

Halafu kuna jambo linalosahaulika kuliko yote: baada ya kuribo, kingo za matundu ya silinda zinabaki kali kama wembe. Lazima zilainishwe kwa tupa ndogo na msasa, kwa mteremko mdogo, matundu yote bila kubakiza. Ringi inapita juu ya matundu hayo maelfu ya mara kwa dakika. Ikinasa kwenye ukingo mkali, inavunjika. Pitisha kidole taratibu ndani ya silinda kabla ya kuipokea. Kikikwaruzwa, irudishe.

4. Krenki, beringi na sili. Shika konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), ivute juu na chini. Mchezo wowote wa juu-chini maana yake beringi ya chini imekwisha. Mchezo mdogo wa kwenda kando ni wa kawaida. Krenki za 2T hizi zimeunganishwa kwa kushindiliwa na presi, kwa hiyo kubadilisha konrodi ni kazi ya mwenye presi na saa ya kupimia, anayeweza kuinyoosha hadi mpindo usizidi takriban 0.03 mm. Si kazi ya nyundo.

Sili badilisha zote mbili hata kama zinaonekana nzima. Mpira uliokaa miaka 40 unakuwa mgumu. Ubonyeze kwa ukucha, utaona haurudi. Kumbuka sili ya zamani ilitazama wapi, paka grisi kidogo kwenye mdomo wa mpya, na uisukume sawasawa pande zote. Krenki ikiwa na mchirizi pale sili inaposugua, ing'arishe kwa msasa mwembamba sana kwa kuzungusha, kamwe si kwa kukwangua kwa urefu.

5. Funga upande wa juu. Mshale wa pistoni utazame eksozi. Kila ringi, kabla ya kuivisha pistoni, iingize peke yake ndani ya silinda, inyooshe kwa kuisukuma na kichwa cha pistoni, upime mwanya wa ncha zake kwa fila geji na ulinganishe na kitabu. Kwenye mfereji wa ringi kuna kijipini kidogo. Mwanya wa ringi lazima ukae juu ya kijipini hicho. Silinda ikigoma kushuka, usiigonge. Kuna ringi imetoka kwenye kijipini chake.

Klipu za pini ya pistoni ziwe mpya kila mara, na mdomo wake utazame juu au chini, si kando. Ziba mdomo wa krenkikesi kwa kitambaa safi unapozivisha. Klipu ikidondoka humo, utafungua injini nzima kuitafuta.

6. Pima upepo. Ukiruka hatua nyingine utapata hasara ndogo. Ukiruka hii utapoteza pistoni. Injini ikiwa imefungwa, bila kabureta wala eksozi, ziba tundu la eksozi kwa kipande cha tyubu kilichobanwa na kipande cha bati na bolti zake. Ziba tundu la kabureta kwa mpira wenye valvu ya tyubu ya baiskeli. Plagi ikae mahali pake. Kama injini ina pampu ya oili, ziba na njia yake. Shusha pistoni chini kabisa ili chumba cha juu na cha krenki viwe kimoja. Pampu hadi psi 6, usizidi 10, la sivyo utasukuma sili nje. Subiri dakika 6. Sindano ya geji inapaswa kukaa karibu palepale.

Ikishuka, chukua brashi na povu zito la sabuni. Paka kwenye gasketi ya chini ya silinda, kichwani, kwenye mpira wa kabureta, kwenye mshono wa krenkikesi na kuzunguka sili ya upande wa magneti. Povu litachemka mahali upepo unapotoka. Usipoona kitu, mshuku wa mwisho ni sili ya upande wa klachi, ambayo huwezi kuiona. Ziba kipumuo cha giaboksi, fungua kifuniko cha kujazia oili ya gia, na utandaze utando wa sabuni juu ya tundu. Utando ukifura kama puto, umempata mwizi.

Rekebisha, pima tena. Usiguse jeti (vijitundu vya kupimia petroli) za kabureta kabla injini haijapita mtihani huu. Anayebadilisha jeti kwenye injini inayovuja anafuata kivuli.

7. Tangi, kabureta na chujio. Tangi la chuma lenye kutu lijaze siki, liache siku moja hadi tatu, tikisa na vipande vya mnyororo mwembamba, mwaga, suuza kwa maji yenye magadi, kausha haraka na upitishe oili ndani. Kamwe usichomelee tangi lililowahi kuwa na petroli kwa sababu tu "limekauka". Mvuke unabaki, na unaua.

Kabureta ifungue yote. Jeti zipulizwe na kutazamwa kwenye mwanga, zisichokolewe kwa waya wa chuma. Pima kimo cha boya kwa kitabu. Chujio la sponji la zamani huwa linamung'unyuka likiguswa. Nunua sponji ya chujio na uipake oili yake. Sponji ya godoro haifai, petroli inaila na vumbi linapita. Kwa vumbi jekundu la kwetu, chujio ndilo bima ya silinda.

8. Moto. Kama injini ina pointi (swichi ndogo ya kukata umeme wa plagi), zisafishe na uweke mwanya wa kitabu, kwa nyingi kati ya 0.3 na 0.4 mm. Weka saa ya kupimia kwenye tundu la plagi na uweke taimingi kwa milimita kabla ya pistoni kufika juu. Ya CDI (moto wa kielektroniki, bila pointi) ina kazi ndogo zaidi, lakini hakiki kii ya magneti (kichuma kidogo kinachoishikisha kwenye krenki) haijakatika. Ikikatika, taimingi inahama nawe hujui. Plagi iwe ya joto lililoandikwa kitabuni. Kwa NGK, namba kubwa ni plagi baridi zaidi (inayotoa joto haraka), na wengi huielewa kinyume.

9. Magurudumu, breki na shokapu. Beringi za magurudumu ni za saizi za kawaida (6202, 6203 na jamii yake), zinapatikana duka lolote la beringi; soma namba ubavuni. Brekishuu za zamani mara nyingi zina asbesto. Usipulize vumbi lake kwa mdomo wala kompresa, lifute kwa kitambaa chenye maji. Oili ya foko za mbele imwagwe yote, sili zibadilishwe. Spoku zikazwe zote kwa mlio unaofanana. Kwa porini, upepo wa matairi uwe kama psi 12 hadi 15, na rimu iwe na kizuizi cha tairi, la sivyo tairi litazunguka peke yake na kung'oa valvu.

Sasa ndiyo unaweza kupaka rangi.

10. Oili, kuwasha na kulainisha. Pampu ya oili ya DT ikiwa nzima, iache, itoe hewa na uirekebishe kebo yake. Za mashindano zinatumia mchanganyiko wa tangini. Uwiano wa 32 kwa 1 ni mwanzo mzuri kwa oili ya kisasa: mililita 156 kwa lita 5 za petroli. Oili iwe ya 2T ya pikipiki, yenye alama ya JASO FC au FD. Oili ya boti ya TC-W3, hata kama ndiyo iliyo karibu na rahisi, imeundwa kwa mashine zinazopozwa na maji. Usiitie.

Washa, iache ipate moto dakika tatu hadi tano, zima, ipoe kabisa. Rudia mara tatu, kisha kaza bolti za kichwa ikiwa baridi. Tangi la kwanza panda na kushuka mwendo, usifungue mafuta yote kwa muda mrefu, wala usiikokote kwenye gia kubwa.

11. Kuiendesha. Jua kwanza gia iko mguu gani: baadhi ya pikipiki za Ulaya za kabla ya katikati ya miaka ya 1970 zina gia kulia na breki kushoto, na mguu uliozoea utakudanganya pale unapotaka kusimama. Mwendo wa shokapu ni mfupi. Mashindano ya kihistoria ya AHRMA kule Marekani yanazibana za kundi la kale kwenye inchi 7 mbele na 4 nyuma, yaani kama sentimita 18 na 10. Kwa hiyo simama kwenye vikanyagio, legeza magoti, na chagua njia badala ya kupita juu ya kila shimo. Ukiruka, tua na gurudumu la nyuma. Ruka fupi, fremu ile haikuundwa kwa matuta ya leo.

Breki za dramu zianze mapema. Ukivuka maji, zikanyage kidogo ukiwa unaenda hadi zikauke. Na kwenye mteremko mrefu usifunge mafuta kabisa huku gia imeshika: oili inakuja na petroli, ukifunga petroli umefunga oili. Bana klachi, papasa mafuta mara kwa mara.

Kofia ngumu, miwani, buti ndefu. Hakuna majadiliano hapo.

Ikisumbua

Plagi ina moto lakini haiwaki. Itoe baada ya kupiga kiki. Ikiwa imelowa, injini imezama: funga petroli, fungua mafuta yote, piga kiki bila plagi, kausha. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Anza na koki na boya.

Inawaka ya baridi, ikipata moto inazima na inakataa hadi ipoe. Pima moto wa plagi ikiwa bado ina joto. Kwa kawaida ni koili ya ndani ya magneti au kondensa.

Mlio unapanda wenyewe na hauteremki ukifunga mafuta. Zima mara moja. Kebo ya mafuta isipokuwa imenasa, rudi hatua ya 6.

Moshi mweupe mwingi na oili ya gia inapungua. Sili ya upande wa klachi inavuta oili ya giaboksi.

Plagi inajaa masizi meusi. Hakiki choki inazimika kweli, chujio halijalowa oili kupita kiasi, kisha shusha sindano ya kabureta kwa kuinua klipu yake ngazi moja.

Inaenda vizuri chini, juu haina nguvu. Eksozi imejaa kaboni. Toa silensa, uichome au uikwangue.

Ukitia gia ya kwanza inarudi nyuma. Hujarogwa. 2T inaweza kuwaka ikizunguka kinyume, hasa kiki ikiwa dhaifu na ikakurudisha mguu. Bana klachi, zima, washa upya kwa kiki ya nguvu. Ikirudia, kii ya magneti na taimingi ndizo za kutazama.